Mwaka Nilipokula Mbegu

Mama mkwe wangu tumemzika Jumanne, na leo Ijumaa mimi bado nimekaa hapa Samuye kwenye mkeka. Magoti hayataki kunyanyuka, na kusema kweli hata mwenye magoti hataki. Msiba wa mtu aliyekula chumvi nyingi una uchovu wake. Hakuna anayelia kwa nguvu. Watu wanakula, wanasinzia, wanaulizana bei za mnadani, halafu mmoja anakumbuka kwamba kuna marehemu, anashusha pumzi. Pembeni yangu amekaa Kabula, mjukuu wa wifi yangu Ngolo, amekuja kutoka mjini na mkoba mkubwa kama wa mkunga. Sahani ya ugali ilipofika akaisogeza kwangu. "Kula tu, bibi. Mimi wanga nimeacha, homoni zangu zimevurugika." Akafungua mkoba akanionyesha: unga wa mizizi kwenye kopo, mbegu za maboga zilizosagwa, majani ya chai ambayo si chai, na kitu cheusi kama lami ambacho anakilamba asubuhi kabla hajasema na mtu. Kaolewa muda sasa, mtoto bado, na mama mkwe wake ameanza kumsalimia kwa kifupi. Akaniuliza enzi zetu sisi tulikuwa tunatumia nini kusawazisha homoni. Nikamwambia enzi zetu hatukuwa na homoni, tulikuwa na matumbo tu. Akacheka mpaka akajifunika kanga. Nami nikacheka, maana ndiyo kazi yangu kwenye ukoo huu. Kila mtu ana kazi yake msibani, wengine wanapika, wengine wanachimba, mimi nachekesha. Lakini sahani ile iliponibaki mapajani nilishindwa kula. Nilikuwa namwona yule tuliyemzika, amechuchumaa kwenye jiko lake la mafiga, ananiambia neno lile lile moja: kula.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka ambao mvua iligoma mara ya pili mfululizo. Mimi nilikuwa mke mpya ambaye upya ulikuwa umeanza kuchakaa. Jina langu Minza, na nilikuwa naitwa hivyo hivyo Minza, kama mtoto wa shule, wakati wenzangu nilioolewa nao msimu mmoja walishakuwa Mama Fulani. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita, tulipofika kwenye hesabu za mafungu, mimi na mafungu tukashindana, na yenyewe ndiyo yaliyobaki darasani. Mume wangu Masunga alikuwa Nyarugusu anachimba dhahabu, anakuja nyumbani mara moja moja, amepauka vumbi mpaka kwenye kope, anakaa siku chache, anaondoka. Alikuwa hana maneno mengi. Alikuwa akinishika kichwa tu kama mtu anayepima tikiti, anasema, "Itakuwa," halafu anatafuta lori. Kwa hiyo niliishi na mama yake. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko lililoegemea ukuta wa nyuma, giza, lina harufu ya moshi na maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Darini, juu kabisa ya moto, zilining'inia karanga za mbegu kwenye mfuko wa magome, nyeusi kwa masizi. Zile hakuna aliyezigusa. Hata panya wa nyumba ile nadhani walijua kwamba zile ni za kupanda.

Shida yangu ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa mahari yangu walipofika kwetu hawakulala hata kwenye zizi letu vizuri, kaka yangu Luhende aliwachukua wale wale akaenda kuoa nao. Na mke wake, Milembe, alishika mimba kabla hata ng'ombe hawajazoea malisho mapya. Sasa kwetu Usukumani mke asipozaa, upande wa mume wana haki ya kusema turudishieni. Ukirudisha ng'ombe ambao wameshaoa mke mwingine, unarudisha na yule mke. Kwa hiyo tumbo langu lilikuwa limebeba nyumba mbili huku lenyewe halina kitu. Luhende akawa anakuja na baiskeli yake kunitembelea. Zamani alikuwa ananiletea miwa, ananitania. Mwaka ule alikuwa anashuka kwenye baiskeli, anatazama kwanza kiuno changu, halafu ndipo anasema, "Dada, hujambo?" Nilikuwa namjibu, "Mimi sijambo, na yule unayemtafuta hajafika bado." Alikuwa hacheki.

Mchana mmoja nimejilaza chumbani, jua linawaka mpaka bati la kanisa kule ng'ambo linalia, nikawasikia nyuma ya ukuta. Mama mkwe alikuwa na Mzee Shilinde, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo. Ukuta wa udongo hauna siri. "Shemeji," Mzee Shilinde anasema, "mtoto wa watu tumemvumilia. Baridi ikiisha tukae na baba yake." Mama mkwe akasema, "Bado namtibu." "Unamtibu na nini?" "Dawa za Holo." Yule mzee akaguna. "Holo mwenyewe kazaa mara moja." "Na wewe, shemeji, hujazaa hata mara moja, mbona unaongea?" Nikauma kanga nisicheke. Halafu nikasikia yule mama anashusha pumzi, kwa sauti ya chini anasema, "Haya. Baridi ikiisha." Hapo kicheko kilikwisha chenyewe.

Bibi Holo alikuwa mganga wa matumbo ya wanawake, mwanamke mnene pekee niliyemwona mwaka ule, na nafikiri wateja wake wengi walimwamini kwa hilo. Alinikanda tumbo kwa samli iliyochina, akaniambia kizazi changu kimeinama kinatazama chini kama mkwe mwenye aibu. Kisha akampa mama mkwe mizizi myekundu na maelezo. Uchemshe kwenye supu ya jogoo, utie samli, uchanganye na uji wa karanga, na mgonjwa anywe akiwa ameshiba. Tulipofika nyumbani mama mkwe akakaa akaangalia ile mizizi muda mrefu. Jogoo hatuna, ni mitetea wachache tu. Samli hakuna. Uji wenyewe tulikuwa tunakoroga ule unga wa njano wa msaada, unaokwaruza koo kama umemeza mkeka, na mboga ni nsansa, majani makavu ya kunde, tena yasiyo na chumvi. Akasema, "Tutaanza na hii tuliyo nayo." Akachemsha mizizi kwenye maji matupu. Supu iliyokosekana akaifidia kwa kuongeza mizizi. Watu wengi walifanya vile mwaka ule, wala si yeye peke yake. Dawa zetu nyingi zilikuwa zinakuja na chakula ndani yake, chakula kilipokwisha tukabaki na uchungu wake tu, tukaunywa kwa bidii.

Nilikunywa asubuhi, nikatapika mchana. Nilikunywa mchana, nikaona nyota na jua lipo. Nilikonda mpaka bangili zangu zikawa zinapanda hadi kwenye kiwiko, na nikiketi ilinibidi nitafute mahali laini maana mifupa ilikuwa imekaribia mno. Niliwahi kumwambia Ngolo kwamba dawa ya Bibi Holo inafanya kazi, imeshafukuza kila kitu tumboni, sasa mtoto atakuwa na nafasi ya kutosha. Halafu damu yangu ya mwezi ikakata. Mwezi wa kwanza sikusema. Mwezi wa pili sikuhitaji kusema, kwa sababu mama mkwe alikuwa anajua vitambaa vya kila mwanamke kwenye ua ule vinaanikwa lini na nyuma ya kichaka kipi. Aliniita jikoni. "Vitambaa vyako sivioni." "Hata mimi, mayu, siviulizi," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma chetu. "Masunga alikuja lini?" Nikamwambia alikuja wakati ule tulipopanda uwele ukafa. Akahesabu kwenye vidole, akarudia, akakunja mkono wote. Na yule mama ambaye nilikuwa sijawahi kuona meno yake yote, niliyaona siku ile.

Mimi niliamini. Naomba msomaji asinifanye mjanja kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa nasikia kizunguzungu, nasikia kichefuchefu, damu hakuna, nikasema kumbe ndiyo hivi. Njaa na mimba zinafanana sana mwanzoni, mtu akizikuta pamoja hawezi kujua ipi ni mgeni na ipi ni mwenyeji. Bibi Holo alikuja kuangalia kazi yake, akapiga tumbo langu kwa kidole kama mtu anayechagua mtungi sokoni, akasema ni dume. Luhende akaja na baiskeli, akatazama kiuno, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akanitania, "Dada, usije ukakaa kwenye baiskeli yangu, utavunja spoku." Mzee Shilinde hakutaja tena habari ya baridi kuisha.

Ndipo mama mkwe akaanza kunilisha. Maziwa ya ng'ombe wake mmoja aliyekuwa bado anatoa, ambayo zamani yaligawanywa kwa watoto wa ua mzima, sasa kikombe cha kwanza kilikuwa changu. Masunga kule Nyarugusu alipopata habari akatuma na lori gunia dogo la dagaa wa ziwani, na mama mkwe akawa anawakaanga wakavu, ananihesabia kama askari. Mayai peke yake ndiyo sikupewa, maana mwenye mimba akila yai walisema mtoto atazaliwa hana nywele. Kuku walikuwa wanapita mbele yangu wakiringa. Alimbembeleza mchunga mbuzi mmoja akapata ini. Alichuma mlenda wa porini ambao ulikuwa umejificha kwenye mabwawa yaliyokauka, akautwanga na kunipikia kila jioni kabla jua halijazama. Ukiisha mlenda, ananichemshia michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa, alivyokuwa amevificha kwenye chungu hata watoto wake mwenyewe hawajui. Na siku moja niliingia jikoni nikamkuta amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, anafungua kamba ya mfuko wa darini.

"Mayu, hizo si mbegu?"

"Kwani mvua imenyesha?"

"Ikinyesha je?"

"Ikinyesha tutakopa. Mtoto huwezi kukopa." Akashuka, akakaa, akaanza kubangua. Karanga zile zilikuwa ngumu, zimekolea moshi, akazisaga kwenye jiwe akanipikia uji mzito. Yeye mwenyewe alikunywa maji aliyosuzia sufuria. Nilimwambia, "Mayu, na wewe kula." Akasema, "Mimi nina mimba ya nani?" Ngolo, aliyekuwa mlangoni, akacheka, mimi nikacheka, mama mkwe akafuta jiwe. Wiki kwa wiki mimi nanenepa, bangili zinashuka mahali pake, na yeye shingo yake inazidi kuonyesha kamba zake. Nikawa naona, na nikawa nakula. Ukiwa umekaa na njaa ile muda ule, hata aibu inakula pamoja na wewe.

Asubuhi moja nimeenda mtoni, mtoni kwenyewe ni mchanga mtupu, unachimba shimo unangoja maji yatoke kama machozi ya mtu mgumu. Nimepiga magoti nachota kwa kibuyu, nikahisi. Nilibaki pale nimepiga magoti mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akauliza kama shimo nimeolewa nalo. Nilirudi bila maji. Mama mkwe alikuwa jikoni, sinia mapajani, anabangua zile karanga za mwisho. Aliniangalia mikono, akaona hakuna ndoo. Nikasema, "Mayu, imerudi."

"Nini imerudi?"

"Ya mwezi."

Mikono yake ikasimama. "Tumbo linakata?"

"Hapana."

"Mabonge?"

"Hapana, mayu. Ni kama ile ya siku zote. Ya kawaida kabisa."

Kuku mmoja akaingia akadonoa ganda kwenye sinia na yeye hakumfukuza. Mimi nilikuwa nangoja matusi, na kwa kweli niliyataka, maana mwenye kutukanwa angalau anajua amesimama wapi. Mfuko wa darini ulikuwa umelegea tupu juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa nimekula shamba zima la mwaka unaofuata na nilichotoa ni kile kile ambacho kila binti anatoa. Mwisho akasema, siyo kwangu, kama anaongea na karanga, "Kwa hiyo hakukuwa na mtu." Akabangua moja. Akabangua nyingine. "Na imerudi baada ya kula." Nikasema ndiyo, kwani nilijua nini, nilikuwa naitikia tu. Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka usoni, polepole, jicho lile lile alilokuwa akitazamia ng'ombe wakirudi malishoni jioni. Kisha akanisogezea sinia. "Kula," akasema. Nikala huku nalia, na karanga za moshi ukizila unalia hazipendezi, zinanata.

Habari ya namna ile haifichiki penye shimo moja la maji. Mzee Shilinde aliita kikao. Baba yangu alikuja, na Luhende, safari hii bila baiskeli, wametembea, kama watu wanaokwenda kuzika. Wanaume walikaa kwenye vigoda karibu na zizi, mchana, kivuli chembamba kama uzi. Pombe ya kuwapa haikuwepo, nafaka itoke wapi, kwa hiyo wazee wazima walikuwa wanangoja uji. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Milembe huko kwetu alikuwa amekaribia kujifungua, na niliwaza tu kwamba huyo mtoto atazaliwa halafu mama yake ataswagwa kurudi kwao pamoja na ng'ombe kwa sababu yangu. Nilishafunga kanga zangu. Zilikuwa chache, fundo lilikuwa dogo hata likanichekesha.

Mama mkwe akatoka na uji. Mwanamke kwenye kikao cha ng'ombe anatoa uji, anapiga goti, anaondoka. Alitoa uji, akapiga goti, hakuondoka. Akamuuliza Mzee Shilinde, kwa heshima, macho chini, "Shemeji, yule mtamba wako mwekundu mwenye nyota, ameshazaa?"

Mzee Shilinde alikuwa mtu ambaye ukimwamsha usingizini ukamtajia ng'ombe anaamka na jibu. "Atazaa wapi? Hata dume hamtaki tangu mwaka jana."

"Basi ni tasa. Si ungemrudisha kwa uliyebadilishana naye?"

"Tasa?" Mzee akakasirika kwa niaba ya mtamba. "Unamwita tasa ng'ombe wa ukame? Mbavu zile huzioni? Ng'ombe akikonda hamtaki dume, hata mtoto anajua. Ngoja majani yaote, ale, ndipo umhukumu."

"Ndiyo, shemeji. Na huyu wetu je?"

Baba yangu akakohoa, sikujua kama amekabwa na uji au na kitu kingine. Mzee Shilinde akasema, "Yule ni ng'ombe, huyu ni mtu."

"Mlimtolea nini?"

"Ng'ombe."

"Basi mwacheni naye ale majani." Akaanza kuwaeleza, bado amepiga goti. Kwamba nilikuwa nakunywa mizizi bila supu, damu ikakata. Kwamba alinilisha karanga, dagaa na maziwa, damu ikarudi. Alieleza habari za vitambaa vyangu mbele ya baba yangu mzazi bila hata kupunguza sauti, na mimi nyuma ya mlango nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya mwaka ule ilikuwa ngumu, isingefunguka. "Nyie wote hapa ni wachungaji," akasema. "Mtamba mnamngojea mvua. Mwanamke mnamhukumu kiangazi." Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka puani, akijifanya amepaliwa. Mzee Shilinde alikunywa uji wake mpaka akakwangua, akijipa muda, halafu akasema, "Haya. Tungoje mvua itoshe. Ikitosha tutakaa." Wakainuka. Luhende alipita nyuma ya jiko, hakunitazama kiuno. Alisema, "Dada, nyuma ya nyumba yenu kuna mwiba, angalieni," akaondoka anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Mvua zilikuja. Tulikopa mbegu kwa watu, tukapanda, tukala, na mimi nikawa mwanamke mwenye afya kama gunia la pamba. Damu yangu haikukata tena, ilikuja kila mwezi kwa uaminifu kama mkusanya kodi, mpaka uzee ulipoistaafisha. Mtoto hakuja. Nimemwambia Kabula hivyo hivyo leo, kwamba ale ugali wake na mlenda na dagaa, mwili ukishiba unaamka, nimeuona wangu ukiamka. Lakini kushiba nako hakutoi ahadi, na wanaomuuzia vile vya kwenye makopo wanaahidi sana. Masunga naye huko Nyarugusu alipata mwanamke na watoto, akafia huko huko, nami sikumlaumu sana, maana alikuwa ameshasema itakuwa na kwake ikawa. Mimi nilibaki na mama yake. Kila baada ya mavuno Mzee Shilinde alikuwa anakumbuka. Alikuwa mtu wa kanuni, na ng'ombe hawasahauliki.

Nakumbuka mwaka mmoja, mvua zilizidi mpaka madaraja yakang'oka. Vihenge vilikuwa vimejaa, uwele mwingine umelazwa kwenye vyumba vya kulala, tunaruka magunia kwenda kitandani. Mzee Shilinde akaja, amekunja suruali magotini, anachomoa mguu mmoja mmoja kwenye tope, fimbo imezama nusu. Mama mkwe alikuwa mlangoni anapepeta karanga, sinia limefurika. Wakasalimiana. Mimi nilisimama na kigoda mkononi, sijui nimpe akae au ningoje.

"Shemeji," akasema, "naona mwaka huu mvua imetosha."

Mama mkwe hakuinua hata uso. Akapuliza maganda. "Mvua ipi? Hii iliyolowesha vumbi?"

Mzee akaangalia tope kwenye miguu yake. Akaniangalia mimi, akaangalia kigoda nilichokishika. Alikuwa amechoka, alikuwa ametoka mbali.

"Ni kweli," akasema. "Bado kidogo." Akapokea kigoda, akakaa.